Jina Yako mu Maji ya Karavia

Tata yangu Yakobo,

Ninaandika jina yako ya ubatizo hapa ku mwanzo kabisa, juu ya vile mu hii karatasi hakuna muntu wa chama wa kuikata. Ulisemaka: "Anna, wewe na domo yako, siku moja batatufunga shiye bote." Basi, habajatufunga. Niko ku soko, nyuma ya bitunga byangu bya samaki ya Kasenga, jua iko katikati ya kichwa, banunuzi banalala, nimeomba kalamu kwa jirani wa chumvi. Mu nyumba siwezi kukuandikia. Mu nyumba mama anasikilizaka mingi, na miye pia nimeanza kusikiliza.

Nianze na mama, juu najua yeye njo wa kwanza ungeuliza. Iko. Anakula kidogo, anakohoa ku baridi, anagombana na miye kila asubui juu ya chumvi mu mboga. Iko muzima, Tata. Lakini tulikuwa karibu tumupoteze, na njo habari yenye imenikalia ku roho. Sina muntu mwingine wa kumuambia, hata kama nawe uko ndani ya hii habari, na sijue uko ndani namna gani.

Ilianza ku musalaba. Wewe haukuiona, ulikuwa mu sanduku. Siku tulikuzika, chef wa chama alikuya ku kilio na ile kidude yake ya kungaa ku shati, akasimama karibu na fundi wa mbao. Fundi akaogopa. Akaandika Chola, jina yako ya kikabila, akaongeza jina ya nkambo, baba ya baba yako, akaacha Yakobo. Bantu bote banajua chama imekataza ile majina ya kizungu. Lakini mama alisoma, akasoma tena, akaniuliza polepole: "Sasa Mungu atamuita nani?" Nikamuambia Mungu hasomake mbao. Nilicheka kidogo ili naye acheke. Hakucheka.

Kisha bazee ba jamaa balitoka Kasenga kuya kutafuta wa kukupyana, wa kurithi jina yako. Shiye tulikomaa na ile desturi: muntu akikufa, banachagula mumoja wa jamaa, banamuvalisha jina ya marehemu, batoto banapiga magoti banamuita Tata, na kesho yake marehemu anaonekana anakunywa pombe ku mulango kama zamani. Miye mwenyewe niliamkiaka mutoto wa masomo, kamasi mu pua, ninamuita nkambo. Lakini wewe ulikuwa umekatala. Ku kitanda, na pumzi yenye ilikuwa inakwisha, ulisema: "Asipatikane wa kunipyana. Miye nitaenda na jina yangu." Bazee balisikia vile, balisimama, habakugusa hata sahani ya bukari. Mukubwa wao alituambia ku mulango: "Jina yenye munaacha hivi, itatembea."

Nilikasirika. Nikamuambia itembee, iko na miguu yake. Ile domo yangu, Tata.

Kanisa ikabaki bila muhubiri. Pasteur wa mu ville, mu muji mukubwa, anafika mara moja ku mwezi, akipata motokari. Akasimama Ndugu Ilunga, ule wa ku magasin, duka ya kampuni ya shaba, mwenye ulimufundisha kusoma Biblia, mwenye alikukaliaka ku banc, kiti ya mbele, myaka yote hii anakutazama kinywa. Na nikuambie kweli: alihubiri muzuri kukupita. Usikasirike. Wewe ulisimamaka pale na koo yako yenye moshi ya fonderie, ya kuyeyusha shaba, ilikula, unasoma polepole, unakohoa ile kikohozi yako ya mara mbili, na ukifika ku mustari ya nguvu, yenye kichwa inashindwa, unatoa miwani, unasema: "Hapa, bandugu, sijue. Tupite." Na tulipita. Bazee ba kanisa balikugombeza, muhubiri gani anasema hajue mbele ya bantu? Ukabajibu: "Kama miye najua yote, Mungu atabaki na kazi gani?" Nilionaka haya mingi. Barafiki yangu balinichekelea ku pompe ya maji, banakohoa, banasema "Tupite, Anna, tupite." Leo njo kintu ninatamani kusikia kupita yote.

Ilunga yeye hakupita hata mustari moja. Alijua malaika iko na urefu gani. Alijua juu ya nini mutoto wa fulani anaharisha, juu ya nini shaba imeanguka bei, juu ya nini ule bibi hapate mimba. Kila swali iko na jibu, na kila jibu iko na mustari. Bantu banapendaka kujibiwa. Kanisa ikajaa mpaka ku madirisha, hata ba-katolika ba ku ngambo ya njia bakakuya kusikiliza.

Halafu dimanche moja, siku ya kanisa, baridi imeanza, anasimama kuomba, ananyamaza katikati. Anakohoa. Mara mbili.

Tata, nilishika banc. Akasema "Bandugu," na ile sauti ilikuwa yako. Sisemi ilifanana. Ilikuwa yako, pamoja na pale ku mwisho penye inapasukaka kidogo. Popi, mbwa yako, mwenye analalaka ku mulango ya kanisa tangu ulikufa, aliingia mbio, mukia juu, mpaka ku miguu ya Ilunga. Akamunusa. Akarudi kinyumanyuma, tumbo chini, mpaka inje. Tangu siku ile hajakanyaga tena pale, hata nimuite na mufupa.

Na unajua bantu balifanya nini? Balipiga magoti. Bazee balipiga makofi, ile ya pole pole, ya heshima, ya siku ya kupyana, banasema: "Tata Chola, umekuya." Hakuna mwenye alishangala mingi. Kwao ilieleweka: alikatala kupyaniwa, jina yake ilitembea, sasa imepata pa kuingia. Ile kintu yenye balizoea ku matanga tangu butoto, baliiona mu kanisa, na juu ilikuwa mu kanisa, bakasema ni Roho Mutakatifu. Miye peke yangu nilibaki nimesimama. Mama alikuwa analia, lakini na uso ya furaha.

Kutoka pale ikakuwa mafundisho. Kwa sauti yako, Ilunga akafungua ile mustari ya Paulo, ya wanaobatizwa kwa ajili ya wafu. Ile yenye ulipitaka kila mara tukiifikia. Akasema bale tulizika na jina ya karatasi, bila jina ya ubatizo ku musalaba, bamepotea. Banasimama inje ya mulango, banaitwa, habasikie jina yao. Lazima muntu wa nyumba aingie mu maji pahali pao, avae nguo yao, apewe jina yao, na marehemu atakuya kukaa ndani yake na kupumuzika. Kupyana na ubatizo, akabipika mu chungu moja. Nilimutazama mama. Alikuwa ameweka mukono ku kinywa, na nilijua anaona ile musalaba.

Wa kwanza kuingia mu maji alikuwa jirani yetu, mama ya Kyungu, ule kijana mwenye alikufa mu shimo ya shaba. Balimutoa mu maji banamuita Kyungu, akaitika. Mpaka leo anaitika. Kila asubui sirène ya kampuni ikilia, anatoka mu nyumba na viatu ya boti ya mutoto yake ku miguu, kofia ya kazi ku kichwa, anaandamana na bafundi mpaka ku mulango mukubwa. Balinzi banamurudisha pole pole, banamuambia: "Leo uko na congé, siku ya kupumuzika, Kyungu." Bantu banasema iko na furaha, na ni kweli, anapiga miluzi. Nilikutana naye mu njia, nikasema "Jambo, mama." Akanitazama kutoka chini mpaka juu, na kicheko ya pembeni, ile yenye Kyungu alinitazamaka nayo siku ya ndoa ya dada yangu. Ku uso ya mama muzee, Tata! Niliacha kitunga pale pale mu njia, nikaenda.

Nilimungojea pasteur. Nikamueleza yote, nikamuambia hii si Injili, hata miye muuza samaki naiona. Akatazama mulango kwanza, kisha akasema chini chini kwamba chama inataka tufuate bintu bya bankambo, na yeye akisimama kusema desturi ya bankambo ni mubaya, batamufunga, na atasemea wapi tena? Akaniombea. Akapanda motokari.

Siku yenye ilifuata narudi nyumbani kutoka ku soko, naona koti yako ya nyeusi inje ku kamba, imefuliwa, inajaa upepo. Miwani yako haiko mu kikombe yake. Mama aliipeleka kwa Ilunga, juu, anasema, iliombwa. Dimanche nikaiona ku uso ya ule muntu. Ile miwani, Tata, yenye miye nikivaa sioni hata mukono yangu. Yeye alisoma nayo sura muzima bila kukosa neno.

Tuligombana na mama mpaka bajirani bakazima redio. Nikamuambia: "Mama, infirmier wa hospitali amekataza kifua yako hata maji ya kuoga ya baridi, na wewe unaenda kujitosa mu ziwa ya Karavia mu mwezi wa sita, kuvaa jina ya Tata? Batakutoa pale banakubeba!" Akanijibu bila kupandisha sauti: "Na yeye, kule inje ku mulango, anasikia baridi gani?" Na haikuwa kifua tu. Niliogopa atoke mu maji muzima, akohoe mara mbili, aniambie "Anna, mutoto yangu." Ningebaki na tata mwenye si tata, na mama hapana.

Na hii nitakuambia wewe tu: kidogo, niliitamani. Hamu ya sauti yako ilikuwa inaniuma mpaka ku meno. Kila dimanche niliapa siende, na kila dimanche nilikuwa pale, nimefunga macho, ninasikiliza.

Tulienda Karavia asubui, kanisa muzima, na nguo nyeupe. Ukungu ilikuwa inakaa juu ya maji na haitake kuondoka. Ku nyumba ya bakubwa, mupishi mumoja alikuwa anatandika mashuka ku kamba, akaacha kazi, akatutazama. Ilunga alikuwa ameshaingia mpaka ku kiuno, miwani yako ku macho. Bantu balikuwa banaimba pole pole. Akanyamazisha wimbo na mukono, akakohoa, akaita: "Mama Anna. Kuya. Niko na baridi."

Mama alikuwa ndani ya koti yako. Ilimufunika mpaka ku magoti, mikono ilipotea ndani. Nilimushika. Akatoa vidole yangu kimoja kimoja, bila kasirani, namna alinitoleaka miiba. Akaingia. Maji ikafika ku miguu, ikafika ku magoti, na nilisikia kifua yake inaanza ile filimbi yake.

Pale ku magoti akasimama. Akasema, na sauti ya mu jikoni, ile ya kukuuliza kama mukaa imekwisha: "Tata Anna, ile mustari ya Paulo. Ya kubatizwa kwa ajili ya wafu. Unaielewa sasa?"

Ilunga akafungua kinywa, na kwa sauti yako akaifasiria. Tata, kama ungesikia! Akaipanga muzuri, kipande kwa kipande, akatoa Musa, akatoa Yona mu tumbo ya samaki, kila neno ikakaa pahali pake. Bantu bakasema amina mpaka ndege bakaruka mu majani. Mama akasikiliza yote, kichwa upande, mpaka mwisho.

Kisha akasema: "Umesema muzuri. Bwana yangu hakuijua ile mustari. Alikufa hajue."

Mama ya Kyungu, na kofia yake ya kazi, akajibu kutoka ku ukingo: "Sasa amefika kwa Mungu, mama! Sasa anajua!"

Mama akageuza kichwa kidogo tu. "Kama amefika kwa Mungu, maji yangu ni ya nini? Na kama angali inje ku mulango, basi nani amemufundisha?"

Bantu ku ukingo bakaanza kugombana. Ilunga, mwenye jibu ya kila kintu, alibaki kinywa wazi, ukungu inamuzunguka. Mama akavua koti yako, pole pole juu ilikuwa imelowana, akaikunja ku mukono namna alifanyaka ukitoka ku kanisa. Akamupa Ilunga mugongo. Akaanza kurudi kwangu.

Ningemaliza hapa, Tata. Ingekuwa habari muzuri, ningecheka nayo ku soko. Lakini iko kingine.

Mama akiwa ananipa uso, na Ilunga nyuma yake mu maji, nilimuona anafunga kinywa. Kisha ile kinywa ikafunguka yenyewe. Sina namna nyingine ya kusema. Macho yake ilikuwa ya muntu anayeona nyoka ndani ya nguo yake, na kinywa ikafunguka, na ikasema, chini sana, bila kuhubiri, na ile pasuko ya ku mwisho, kubwa kuliko siku zote:

"Sijue, Mama Anna. Hapa sijue. Tupite."

Akajiziba kinywa na mikono yote mbili. Miwani ikaanguka mu maji.

Bantu habakusikia, balikuwa banagombana ku ukingo. Miye nilisikia. Na mama alisimama. Maji ku miguu, koti ku mukono, akasimama, na niliona uso yake, niliona kila kintu ikipita mu ule uso, myaka yenu yote. Nilingoja ageuke. Nilijua akigeuka imekwisha.

Hakugeuka. Akatoka mu maji, akanishika bega, akasema: "Twende, nasikia baridi."

Aliugua kidogo, akapona. Hatujaisemea mpaka leo. Siku moja nilianza, "Mama, kule ku maji, ulisikia..." Akaniambia nipeleke macho ku bukari, inaungua. Ilunga hahubiri tena. Bibi yake anasema hasemi na muntu, anakaa na kitambaa kimefungwa ku kinywa, na akitaka kula anaifungua kwanza mu chumba, mulango imefungwa. Kanisa imepungua. Dimanche yenye ilipita muzee mumoja alisoma, akafika ku pahali pa nguvu, akasimama, akatutazama. Akapita. Hakuna mwenye alimugombeza.

Na miwani yako iko mu kikombe yake. Mama alifungua mulango asubui, ikakuwa pale ku seuil, chini ya mulango, kavu. Anasema ni batoto ba ku Karavia baliiokota. Batoto gani banaojua nyumba yetu? Sikumuuliza.

Tulienda ku kaburi, shiye babili, na rangi kidogo. Tuliandika Yakobo, nyuma ya musalaba, ku upande ya majani, kule chef wa chama hawezi kuinama. Mama aliandika mwenyewe. Herufi yake ni mubaya, o moja inafanana na yai, lakini inasomeka.

Sasa nikuage, Tata. Ninakuahidi bintu byenye ninaweza. Mama nitamuchunga, na chumvi yake nitaila bila kusema. Koti yako haitavaliwa na muntu. Batoto yangu bakiniuliza kintu ya Mungu yenye sijue, nitabaambia sijue. Na sitakuita. Hata siku ya hamu kabisa, sitasema jina yako kwa sauti. Hii karatasi nikiimaliza inaenda mu moto ya mbabula, hapa hapa, pamoja na mukaa ya kuchomea samaki.

Kama ile sauti haikuwa yako, unisamehe kwa kuuliza. Kama ilikuwa yako, asante kwa kumuachilia mama. Lakini usirudi tena, Tata yangu, hata kwa huruma. Ulisema utaenda na jina yako. Enda nayo.

Saa hii ninaandika, nyuma yangu kuna muntu anakohoa. Mara mbili. Soko imejaa bantu, na bantu banakohoaka, bumbi iko mingi.

Sitageuka.

Mutoto yako,
Anna